Fuawe na Kifuniko cha Pipa

Mtaa mzima ulikuwa umefungwa kwa malango ya Fundi, na hakuna lango hata moja lililowahi kupigiwa makofi. Watu hufungua lango, hupita, hulifunga. Bawaba ikilia, hapo ndipo humkumbuka aliyeitengeneza, na si kwa wema. Kisima ni habari nyingine. Kisima kikitoa maji watu hukusanyika, hucheka, hujilowesha makusudi, na aliyekichimba hubebwa juujuu kama bwana harusi. Na aliyevichimba visima vya upande ule wote alikuwa mdogo wake Fundi, wa tumbo moja, aliyeitwa Fuko. Jina hilo alipewa kwa sababu, kama mnyama yule, siku zake nyingi zilipita chini ya ardhi, kisha huibuka mahali usipomtarajia, ana udongo mpaka kwenye kope, na anacheka.

Fundi alikuwa mtu wa haki, na nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani namsimulia mhuni. Hakuuza lango lililochomelewa kijuujuu. Hakulewa, hakumwinulia mkewe mkono. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akashika nyundo ili mdogo wake asome. Mdogo wake akasoma kidogo, akafua chuma kidogo, moshi ukamchosha, akasema anakwenda kuchimba visima. Fundi alimjibu neno moja tu: "Nenda." Alitaka aombwe radhi. Fuko akasema ahsante Kaka, akaenda kweli.

Mama yao mzee aliishi kwa Fundi. Macho yalikuwa yamemwisha karibu yote, ila masikio yalibaki ya msichana. Nje ya chumba chake palikuwa na pipa la bluu la maji ya kunywa, na maji hayo sharti yatoke kwenye kisima alichochimba Fuko nyuma ya zahanati, maana ya bomba alisema yananuka kutu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, Fundi alisukuma toroli hadi kisimani, akajaza madumu, akarudi, akamimina. Mama alichota kikombe, akanywa, akashusha pumzi.

"Maji ya Fuko haya," alisema. "Mungu amzidishie mwanangu."

Fundi alisimama pale na dumu tupu mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Mkewe aliyaona hayo kila siku kupitia dirisha la jikoni.

"Si umwambie kwamba wewe ndiye unayeyaleta?"

"Anajua."

"Basi shida iko wapi?"

"Nani amesema nina shida?"

"Uso wako, Baba Watoto. Ungekuwa lango, ningekutia grisi."

Wivu wa mtu mwovu huonekana kwa mbali, watu wakajihadhari nao. Wivu wa mtu mwema hujificha nyuma ya matendo yake mema, hula humo humo, hunenepa humo humo, na mwenyewe huuita uchovu. Fundi alikuwa amechoka hivyo kwa miaka mingi.

Katika karakana yake palikuwa na kitu kimoja alichokipenda, nacho ni fuawe lake. Mafundi wengine waligongea vyuma juu ya vipande vya reli. Yeye aligongea juu ya donge la chuma la rangi ya kahawa, kubwa kama boga la mbegu, zito kiasi kwamba lilihitaji watu wawili kulinyanyua, na lililojaa vishimo laini pande zote kana kwamba mtu alilibonyeza kwa dole gumba likiwa bado tope. Upande mmoja tu ndio aliousawazisha, kisha akalipachika donge juu ya gogo. Malango yote ya mtaa yalizaliwa hapo.

Donge hilo alilipata kwa Fuko. Katika kisima chake cha kwanza kabisa, kule bondeni, sururu ya Fuko iligonga kitu ikarudi juu, ikamtetemesha mpaka meno. Alidhani ni mwamba. Alipochimbua pembeni akakuta madonge mawili, kubwa na dogo, yamelala pamoja kama kuku na kifaranga. Wenzake walimwambia ayatupe na kifusi. Yeye akalisukuma lile kubwa kwa toroli mpaka karakanani.

"Kaka," alisema, "nimekuletea jiwe lililokataa kuvunjika. Nilipoliona nikasema huyu lazima tuna undugu."

Lile dogo, la ukubwa wa papai, alimpa Mama aliweke juu ya kifuniko cha pipa, upepo na kuku wasikisukume. Hiyo ya fuawe ndiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote ambazo Fuko aliwahi kumpa nduguye, na kadiri miaka ilivyopita Fundi alisahau kwamba ilikuwa zawadi.

Sasa akatokea Mwalimu. Alikuwa mama wa makamo, anafundisha mambo ya miamba katika chuo cha mjini, na sanduku la chuma analobebea mawe yake lilikuwa limeng'oka bawaba. Fundi aliinyoosha bawaba juu ya fuawe, nyundo ikilia. Mwalimu hakuitazama bawaba. Alilitazama fuawe, akalizunguka, akachuchumaa, akapitisha kidole katika vile vishimo kimoja baada ya kingine.

"Fundi, hili umelitoa wapi?"

"La siku nyingi."

"Naomba nilikwaruze kidogo hapa pembeni. Halitaharibika."

Akachukua tupa, akakwaruza mpaka pakang'aa weupe. Kisha akatoa vichupa viwili mfukoni, akalowesha pamba, akaisugua pale. Pamba ikageuka rangi ya waridi. Mwalimu akakaa chini kabisa, sakafuni, na sketi yake safi, kwenye unga wa chuma.

"Humu mna nikeli," alisema. "Nyingi kuliko ilivyo katika chuma cha kawaida. Hivi vishimo navyo huja kitu kikishuka angani kwa kasi, hewa ikakichonga. Sisemi kwa hakika mpaka tulipime, lakini nadhani fuawe lako ni kimondo. Lilianguka kutoka juu, kabla yangu na yako."

Fundi aliweka nyundo chini polepole. Moyo ulimdunda kama wa kijana aliyeitwa jina lake mbele ya darasa. Miaka yote aliyotokwa jasho juu ya chuma kile, na kumbe juu ya gogo palikuwa na kitu ambacho hakikuwa na mwenzake mjini, nacho ni chake.

"Itakuwaje sasa?" aliuliza.

Mwalimu akamweleza. Watalikata kipande, wakisugue kwa msasa mpaka king'ae kama kioo, kisha wakioshe kwa tindikali. Ikiwa ni kimondo cha aina anayoidhania, itatokea mistari ndani yake, imepishana kama mkeka uliosukwa. Mistari ile hujichora chuma kinapopoa polepole kwa mamilioni ya miaka, na hakuna tanuri duniani liwezalo kuitengeneza. Kwa upana wa mistari, na kwa kipimo cha nikeli na metali nyingine adimu, ndipo hujulikana ni cha kundi gani. Kisha kitapewa jina la mahali kilipopatikana, kiwekwe katika makumbusho ya chuo, ndani ya kioo, na kibao cha maelezo chenye jina la aliyekigundua.

"Jina langu nitakuandikia mwenyewe," alisema Fundi, "wasije wakakosea."

"Wewe ndiye uliyelichimba?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini, kama nilivyosema, alikuwa mtu wa haki, na uwongo wa papo kwa papo hakuuzoea.

"Alichimba mdogo wangu. Alinipa mimi."

"Basi aliyeligundua ni mdogo wako."

"Na aliyelitumia je?"

"Aliyelitumia tunamshukuru kwa kulitunza." Mwalimu alicheka bila ubaya. "Ningeandika nini, Fundi? Kwamba lilipigwa nyundo?"

Maneno hayo yalimwingia Fundi kama mwiba wa samaki. Mwalimu alisimama, akajipangusa, akaahidi kurudi na gari wiki ile ile.

"Ombi moja tu," alisema mlangoni. "Msilikate, na msilitie moto. Moto ndio adui wake. Likipikwa, ile mistari ya ndani inafutika, na hairudi tena."

"Nimesikia," alisema Fundi.

Jioni ile habari zilishafika kila mahali, na Fuko naye alishafika, ana udongo mpaka kwenye kope. Majirani walijaa mlangoni pa karakana.

"Kumbe nilikuletea nyota, Kaka," alisema Fuko, akilipapasa fuawe kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Nawe ukaitwanga nyundo miaka yote hii. Ndiyo maana haikuthubutu kurudi kwao."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama aliletwa akaliguse.

"Fuko wangu amechimba nyota," alisema. "Watu wanachimba maji, yeye anachimba nyota."

"Alilichimba akalitupa kwangu, Mama," alisema Fundi. "Mimi ndiye nimekaa nalo."

"Ndiyo, umekaa nalo," alisema Mama, kwa sauti ile ile ambayo mtu humwambia mtoto kwamba na yeye amekula vizuri.

Wakati wa chakula Fundi aliketi na sahani mbele yake. Mkewe alimwekea mboga mara ya pili, akaona hakugusa ya kwanza.

"Kila mtu ana fungu lake," alimwambia. "Wewe una karakana, una watoto, una mama yako ndani ya nyumba yako. Mwenzako ana mashimo."

"Mimi sina neno na mtu."

"Sina neno na mtu, sina neno na mtu. Hicho kijiba cha roho kitakuja kukuua, na kaburi atalichimba yeye yule yule, tena bure."

Fundi hakucheka. Alikuwa akihesabu, moyoni mwake, mambo ambayo mwenye wivu huhesabu: nani aliacha shule, nani analeta maji, nani alisugua uso wa chuma kile mpaka ukawa fuawe, na jina la nani litakaa ndani ya kioo. Na hesabu ya namna hiyo haina jibu ila moja: kama si mimi, basi asiwe mtu yeyote.

Kesho yake alifunga lango la karakana kwa ndani. Aliyegonga aliambiwa hakuna kazi leo. Akaling'oa donge kwenye gogo kwa mtaimbo, akaliviringisha mpaka kwenye tanuri, akalizika katika makaa, akawasha feni ya kupulizia.

Watu wengine, wanapofika hapa, humwonea huruma. Mimi simwonei. Alikuwa ameonywa kwa maneno yaliyo wazi, na aliyaelewa. Lakini mtu anayekwenda kutenda baya hakosi methali ya kwenda nayo, na Fundi alikuwa na ya wafua vyuma wote: chuma hujulikana motoni. Ndivyo marehemu baba yake alivyomfundisha. Chuma kizuri hakiogopi moto. Kinachoharibika motoni hakikuwa na maana tangu mwanzo. Basi, alijiambia, kama hili ni la mbinguni kweli, moto wa karakana utalifanya nini? Na kama litaharibika, Mwalimu alikosea, hakuna nyota, hakuna kioo, na sote tumerudi tulivyokuwa. Mfua vyuma peke yake ndiye angeweza kujidanganya kwa namna hiyo, kwa sababu kwa chuma cha duniani ni kweli.

Feni ilivuma kutwa. Aliongeza makaa, akakaa kwenye kigoda, akatazama donge likiwa jekundu, kisha rangi ya chungwa, kila kishimo kikiwaka kama jicho. Hakulipiga nyundo hata mara moja. Lilipokuwa limeiva mpaka ndani aliliacha lipoe katika majivu. Baadaye akalisugua kwa brashi ya waya, akalipaka mafuta machafu ya injini, akalipandisha kwa mtaimbo na ubao mpaka juu ya gogo. Ukilitazama, lilikuwa lile lile.

Mwalimu alikuja na gari, akalichukua, akashukuru. Fuko alisaidia kulipakia, akiliimbia wimbo wa kumuaga bibi harusi. Fundi alisimama mlangoni, mikono mfukoni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijisikia mwepesi. Wepesi huo ulidumu wiki chache, yaani muda uliomtosha Mwalimu kukata na kupima.

Aliporudi hakuwa na furaha. Aliwakuta ndugu wote wawili uani, kwa kuwa Fuko alikuwa amekuja kumsalimia Mama. Akatoa kipande chembamba kilichokatwa kwenye donge, kimeng'arishwa, akakiweka mezani. Kilikuwa cha kijivu, kimefifia kama dirisha lenye vumbi. Mahali fulani paliweza kuonekana vivuli vya mistari, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni kwa kiganja.

"Ni kimondo," alisema. "Nikeli ipo, hilo halina ubishi. Lakini mistari imekufa. Hili donge limetiwa moto, tena moto mkubwa, na si zamani."

"Hii ni karakana, Mwalimu," alisema Fundi. "Kila kitu hapa hukaa karibu na moto."

"Ukaribu haufanyi hivi. Hivi ni kulala ndani yake kutwa nzima."

"Labda ni huko juu," alidakia Fuko. "Si ulisema lilishuka likiwaka?"

"Likishuka huungua ngozi tu. Kama mkate uliotolewa tanurini upesi, nje ganda, ndani bado unga."

"Basi kuna sababu nyingine," alisema Fuko, na safari hii hakucheka. "Kaka hawezi. Ulimwonya mwenyewe. Mimi nimelelewa na huyu mtu, Mwalimu. Akiambiwa usiguse, hagusi."

Alimtetea. Kama angemshtaki, Fundi angejua la kufanya. Angegombana, angemfukuza uani kwake, ingekuwa vita ya haki. Lakini alimtetea, tena mbele ya watu, na Fundi akazidi kumchukia kwa ule wema.

Mwalimu alikifunga kipande chake katika kitambaa. "Kwa nikeli peke yake tutaweza kukisogeza karibu na kundi lake," alisema, "lakini bila mistari tunabahatisha. Kama kungekuwa na kingine kutoka shimo lile lile."

Fuko alijipiga paji la uso. "Si kulikuwa na kale kadogo. Kaka, kale kadogo kalikwenda wapi?"

Fundi alijua kalipokwenda. Alikuwa amekatazama asubuhi ile ile.

"Kalipotea," alisema. "Tulipojenga ukuta. Kalibebwa na kifusi."

"Lipo juu ya pipa langu," ilisema sauti ya Mama kutoka kizingitini pa chumba chake. "Nimelirudisha kwa mkono wangu baada ya kuchota. Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo na dumu."

Kuku mmoja alipita katikati yao.

"Nilidhani mnasema jingine," alisema Fundi.

Fuko akaenda akalichukua. Lilikuwa limetota upande wa chini, na ukingoni lilikuwa na alama ya kikombe cha bati ambacho Mama alizoea kukiegemeza. Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili.

Hilo lilipokatwa na kuoshwa, mistari ilitoka yote. Mwalimu aliwaletea kipande kilichokatwa. Ilipishana kwa pembe zilizo sawa, mipana kwa mipana na myembamba kwa myembamba, imeng'aa upande mmoja ukiigeuza hivi, na upande mwingine ukiigeuza vile. Walipima upana wake, wakapima nikeli, wakapeleka vumbi lake kwenye maabara kubwa zaidi kupimiwa metali adimu, na majibu yote yakakubaliana: kimondo cha chuma, cha kundi lile la mistari ya wastani. Kikaitwa kwa jina la bonde lilikochimbwa lile shimo. Mama alitafutiwa tofali la kuwekea juu ya pipa. Alisema tofali halina uzito wa heshima.

Ikabaki habari ya kibao. Siku moja Fuko alifika karakanani mbio, hata salamu akaisahau.

"Kaka, umo."

"Nimo wapi?"

"Kwenye kibao. Nilimwambia Mwalimu, kama Kaka hayumo, na mimi nifute. Kila nikila mezani kwa watu nakula kwa mkono uliolishwa na yeye. Akasema hawezi kuandika zaidi ya kweli wala pungufu ya kweli, lakini ataandika kila mmoja alichofanya. Nikasema sawa, hilo hilo."

Fundi alikuwa ameshika koleo. Alichokitaka kuliko kitu kingine chochote mwaka ule kilikuwa kimeletwa mlangoni kwake na mtu yule yule, kana kwamba ni kwa toroli ile ile iliyoleta fuawe. Alisema ahsante. Neno lilitoka kavu.

Siku ya kufungua chumba cha vimondo walikwenda wote, wamevaa nguo za kutokea. Chumba kilikuwa kidogo, sakafu imepigwa dawa mpaka inateleza, na katikati kilisimama kioo chenye taa yake. Madonge yote mawili yalikuwa humo, kubwa na dogo, kila moja likiwa na uso wake uliokatwa. Uso wa lile dogo uling'aa mistari. Uso wa lile kubwa ulikuwa wa kijivu tu. Watu walisogea, wakalitazama dogo, wakasema ah. Kisha wakalitazama kubwa, wakapita.

Fuko alikwisha kufika kwenye kibao. Alikuwa amekisoma, midomo ikicheza polepole kama kawaida yake, na alipofika chini aliacha. Akasimama akatazama viatu vyake. Mlinzi wa makumbusho alimtania kwamba mtu wa mashimo amekuja kuchimba na humu, naye akaendelea kuvitazama viatu.

Mama alikuwa ameshika mkono wa Fundi.

"Nisomee," alisema. "Nataka nisikie mwanangu alivyoandikwa."

Fundi akasoma. Alisoma jina la kimondo na kundi lake. Alisoma kwamba madonge yote mawili yalichimbwa na mdogo wake, jina lake lote na la baba yao, alipokuwa akichimba kisima. Alisoma kwamba donge dogo lilihifadhiwa na mama yao kama uzito wa kifuniko cha pipa. Mama akacheka kidogo, akajiweka sawa kitambaa cha kichwa. Kisha akasoma kwamba donge kubwa lilitumika miaka mingi kama fuawe katika karakana ya kaka yake, na hapo likaja jina lake mwenyewe, lote, kwa herufi zilizochongwa vizuri. Lilikuwa mahali pale pale alipokuwa amelitamani.

Akaishia hapo.

"Ndiyo mwisho?" aliuliza Mama.

"Ndiyo mwisho, Mama," alisema Fuko haraka, nyuma yao. "Hapo ndipo panaishia."

Fundi aligeuka akamwona. Uso wa mdogo wake haukuwa na mzaha wala hasira. Ulikuwa unamwomba akubali. Angekubali, mambo yangekwisha. Mama hakuwa na macho, wageni hawakuwajua. Nyumbani wangerudi na jina zuri. Lakini ingekuwa zawadi nyingine tena ya Fuko, na hii angeishi nayo kama ile ya kwanza, akiigongea nyundo mpaka afe. Singependa mtu adhani ni wema uliomfanya aseme. Hakutaka tu kupewa na hilo.

"Si mwisho," alisema. "Kuna mstari mmoja. Unasema: baadaye alilitia moto, na kwa sababu hiyo mistari yake imefutika."

Watu walipita, wakasema ah mbele ya lile dogo.

"Kwa nini ulilitia moto?"

"Wivu, Mama."

"Najua," alisema. "Siku ile feni ilivuma kutwa na nyundo sikuisikia. Nikasema, anapika nini huyu ambacho hakifui?"

"Hukusema."

"Nilingoja useme wewe."

Aliuachia mkono wake, akakitafuta kioo kwa vidole, akakigusa mahali palipokuwa na lile donge kubwa, kana kwamba angeweza kupima joto lake. Kisha akaushika tena mkono wa Fundi, palepale alipokuwa ameushika.

"Haya," alisema. "Nisomee tena pale pa mdogo wako."

Fundi akasogea karibu na kibao. Akaanza kusoma upya, jina lote na la baba yao, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni alikosimama Fuko.